Ujuzi Haufichwi: Kumbukumbu za Mlenga Shabaha

Mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki iliyolazwa mezani, ambao Wamarekani huuita benchiresti, una ada moja ambayo mgeni huistaajabia kabla hajaitazama bunduki yenyewe: washindani huazimana baruti, huonyeshana daftari zao, na si ajabu kumkuta anayeongoza katika hesabu ya siku ameinama juu ya meza ya yule wa mwisho, akimsaidia kutafuta kilichoharibika. Nimeushiriki mchezo huu katika jimbo la Ohio kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, nimefundishwa na waliotangulia na nimewafundisha waliofuata. Na maadamu nywele zimekwisha kuwa nyeupe, naona ni wajibu kuandika machache niliyojifunza, si kwa dhana kwamba wasomaji wangu watapata kushika bunduki ya namna hiyo, bali kwa kuwa habari ya ujuzi, na namna unavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine, ni habari ya kila mwenye kazi.

Sheria zake ni chache. Mlengaji huketi mbele ya meza nzito ya saruji, bunduki yake imelala juu ya mifuko ya mchanga, mmoja mbele chini ya mti wake na mmoja nyuma chini ya kitako, na shabaha iko umbali wa yadi 100 au 200. Amri ikitolewa hupewa dakika 7 za kupiga risasi 5 katika karatasi ya mashindano, na katika muda huo huo anayo ruhusa ya kupiga risasi za majaribio kadiri apendavyo katika shabaha ya pili iliyo chini yake. Hashindi aliyepiga katikati. Hushinda yule ambaye matundu yake yamekaribiana kuliko ya wenzake, na ukaribu huo hupimwa baina ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi, kwa sehemu za elfu za inchi. Fungu moja la risasi 5 halitoshi kumpa mtu ushindi, kwani bahati nayo ina siku yake. Hupigwa mafungu 5 kwa kila umbali, ukatafutwa wastani, na wastani hauna upendeleo. Tena, kwa kuwa risasi za mlengaji hodari hupita zote katika tundu moja, nyuma ya shabaha huwekwa karatasi nyingine inayosogea polepole, ili waamuzi wapate kuhesabu risasi zote tano na asiwepo wa kudai kuwa nne zilikuwa tano.

Msomaji atauliza ukaribu huo ni wa kiasi gani. Mwaka 1973 Mmarekani aitwaye Mac McMillan alipiga risasi 5 kwa yadi 100, na vitovu vya matundu yaliyoachana zaidi vikapishana kwa inchi 0.009, yaani pungufu ya robo ya milimita. Watu wakaona mwisho wa uwezo wa binadamu na chuma umefikiwa, na kwa miaka 40 dhana hiyo haikupata wa kuikanusha, mpaka mwaka 2013 Mike Stinnett alipopiga fungu la inchi 0.0077. Tofauti ya rekodi hizo mbili haionekani kwa jicho, na katikati yake kuna maisha mazima ya watu waliokesha wakikereza mitutu na kupima maganda.

Nilipokuwa kijana wa pwani, bunduki ilikuwa kitu cha askari na bwana nyama, na mzee mmoja mmoja aliyebaki na gobore la kuwafukuzia nguruwe shambani. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ufundi katika karakana moja ambayo sitaitaja, nikijifunza mashine ya kukereza chuma chini ya fundi mchundo aliyesifika mji mzima. Sifa zake zilikuwa za haki, lakini alikuwa na tabia moja: ilipofika saa ya kuiweka mashine katika vipimo vyake, alitugeuzia mgongo, au akamtuma kila mmoja wetu kwenda kuchukua kitu ghalani, na tuliporudi kazi ilikuwa imekwisha kuanza na vipimo vimefunikwa kwa kitambaa. Alihofu, naye alisema wazi kuwa anahofu, kwamba kijana akijua anachojua yeye ataajiriwa mahali pake kwa nusu ya mshahara. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, kwa sababu hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini alipofariki dunia ilibidi karakana ipeleke nje kazi ambazo yeye alizifanya kwa mkono mmoja, na sisi tuliokaa chini yake kwa miaka hatukuweza kuzirithi.

Basi fikiri mshangao wangu nilipofika Ohio, nikaajiriwa katika kiwanda kidogo cha vyuma, nikamkuta mzee aliyekuwa akichonga mitutu ya bunduki saa za jioni, naye siku ya kwanza aliyoniona nikisimama mbali akaniita kwa mkono, akanivutia kigoda, akaanza kunieleza kila alichokuwa akifanya na sababu ya kukifanya. Nilidhani ni upole wa mtu mmoja. Aliponichukua kiwanjani nikaona ni desturi ya kaumu nzima. Jimbo hilo lilikuwa mahali pazuri pa kuiona, kwa kuwa karibu na kijiji cha North Lawrence ndipo yalipokuwa yakifanyika mashindano ya Super Shoot, yanayowakusanya walengaji wa majimbo mengi na wa nchi za mbali, na kila meza ya kujazia risasi ilikuwa wazi kwa mwenye macho na adabu ya kuuliza.

Nimesema meza ya kujazia risasi, na hapo ndipo penye moyo wa mchezo. Mlengaji wa namna hii hanunui risasi dukani. Huzijaza mwenyewe, tena huzijaza kiwanjani, baina ya zamu na zamu, akitumia maganda yale yale machache siku nzima. Sababu yake ni hii: ganda la shaba likilipuliwa ndani ya bunduki hutanuka, likachukua umbo la chumba cha bunduki hiyo hasa, na kwa hiyo huikaa bunduki ile kuliko ganda lolote jipya. Mwenye nalo huiondoa fataki iliyokwisha kulipuka, hulisukuma ganda ndani ya kalibu lipungue kidogo tu, husafisha kikao cha fataki, hutia fataki mpya, humimina baruti, kisha hukalisha kichwa cha risasi katika shingo la ganda kwa kina alichokichagua kwa sehemu za elfu za inchi. Shingo lenyewe hukerezwa kabla ya yote, unene wake uwe sawa pande zote, kwa maana shingo lililo nene upande mmoja hukiachia kichwa kikiwa kimeinama, na kilichotoka kimeinama hakifiki kilipotumwa.

Ganda linalotawala mchezo huu lina nasaba ya kustaajabisha. Hapo kwanza lililotamba lilikuwa la .222 Remington, lililotolewa mwaka 1950 na Mike Walker, mhandisi wa kampuni hiyo aliyekuwa mlengaji yeye mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 walikutana watu wawili wasiofanana kazi: Louis Palmisano, tabibu mpasuaji wa mishipa ya damu, na Ferris Pindell, fundi wa kuchonga vyombo vya chuma. Walichukua ganda fupi nene la .220 Russian, ambalo asili yake ni lile lile la milimita 7.62 la bunduki ya Kalashnikov inayojulikana kwa sura na kila mtoto wa Afrika, wakalibadili mabega na shingo, wakapata ganda linaloitwa 6 PPC, herufi zake mbili za P zikiwa za majina yao. Mmoja alileta nidhamu ya chumba cha upasuaji, mwingine akaleta mkono wa karakana. Na ganda lile halikubaki mali ya watu wawili. Lilienea kwa walengaji wote, na kwa kuenea likawapa hao wawili wapinzani wakali kuliko waliokuwa nao mwanzo. Nami nasema kuwa kama wangeliweka chini ya kitambaa, wangeshinda mashindano machache zaidi, na mchezo ungelibaki ulipokuwa.

Jambo lililonishangaza zaidi mezani ni upimaji wa baruti. Nilitazamia kuona mizani, maana baruti huhesabiwa kwa grein, na pauni moja ina grein 7,000. Kumbe wengi wao hupima kwa ujazo, kwa chombo chenye mkono wa kuzungusha, kila mzungusho ukimwaga kipimo kimoja. Mzee wangu alinieleza kuwa hewa ya asubuhi si hewa ya adhuhuri. Baruti inayopendwa na walengaji wa 6 PPC, ile ya N133 itokayo kiwanda cha Vihtavuori huko Finland, wanaiona hubadili tabia kwa joto na unyevu. Basi aliyejaza risasi zake zote nyumbani usiku amejifunga kwa hali ya hewa ya usiku, na aliyebeba chombo chake kiwanjani anaweza kuongeza au kupunguza kidogo kadiri jua linavyopanda. Nikafahamu kwamba usahihi si kushikilia namba moja siku zote, bali ni kujua lini namba hiyo imekwisha kupitwa na wakati.

Ili kulijua hilo yataka kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na risasi ni mali ya namna hiyo. Daftari la mzee lilikuwa na tarehe, saa, joto, unyevu, kipimo cha baruti, kina cha kichwa, na pembeni karatasi ya shabaha yenyewe imekatwa na kubandikwa, matundu yake yakitoa ushahidi ambao mwandishi hakuweza kuupamba. Alinifundisha kanuni moja ambayo nami nimeifundisha kwa wote walionifuata: usibadili mambo mawili kwa siku moja. Ukibadili baruti, acha kina cha kichwa. Ukibadili kina, acha baruti. Kwani fungu likiwa zuri baada ya mabadiliko mawili hujui ni lipi la kushukuru, na likiwa baya hujui ni lipi la kulaumu. Wanafunzi wengi huja na fedha nyingi na subira kidogo, hununua darubini mpya, mtutu mpya na kalibu mpya kwa mara moja, kisha huniuliza kwa nini mambo yamezidi kuharibika. Sina jibu la kuwapa hao. Huwarudisha katika vyombo vyao vya kwanza, tukaanza upya kwa kimoja.

Baada ya meza kuna upepo, na upepo ndio mwalimu asiyehongwa. Baina ya mlengaji na shabaha husimikwa bendera ndogo za upepo, kila moja ina pangaboi mbele na mkia wa utepe nyuma, na mtu hujifunza kuzisoma zote kwa pamoja. Mtutu ambao mifereji yake ya ndani huzunguka kuelekea kulia una kanuni yake: upepo wa kutoka kulia huitupa risasi kushoto na juu kidogo, na upepo wa kutoka kushoto huitupa kulia na chini. Juu ya hayo kuna mazigazi, mtetemo wa hewa ya moto unaoifanya shabaha ionekane kuogelea katika darubini, hata mtu asiye na uzoefu akaifuata sura isiyokuwapo.

Namkumbuka kijana mmoja wa Mombasa, dereva wa malori makubwa, aliyeletwa kiwanjani na rafiki yake, na aliposikia lafudhi yangu akanishika mkono kama aliyempata jamaa aliyepotea. Siku moja ya mazoezi nilikaa nyuma yake. Alikwisha kupiga risasi mbili za majaribio zikashikana, kisha akapiga ya tatu na tundu likatokea kushoto na juu. Kidole chake kikabaki hewani, hakijagusa kifyatulio, maana vifyatulio hivyo ni vyepesi, uzito usiofika gramu 60 humaliza kazi.

"Ami, upepo huu niufanyeje?"

"Usiufanye kitu," nikamwambia. "Bendera ya pili inasemaje?"

Akaitazama kwa muda. "Mkia umepanda. Wa kulia umezidi."

"Basi?"

"Basi ningoje ushuke ulipokuwa. Lakini saa je, ami?"

"Dakika nne zimebaki. Risasi tano hazitaki hata dakika moja."

Akangoja. Pangaboi zikapunguza mbio, mkia wa utepe ukarudi katika pembe ile ile ya mwanzo, naye akaingia shabaha ya juu akapiga moja baada ya nyingine pasipo kuinua kichwa. Matundu manne yalishikana hata yakawa kama moja, na la tano likasimama kando kwa upana wa ukucha. Akanigeukia kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa, akasema ile ya tano ni kosa la ganda. Akipenda chongo huita kengeza. Nami sikutaka aanze safari yake kwa mapenzi hayo. Nikamwuliza kama aliitazama bendera ya karibu kabla ya risasi ya tano. Akanyamaza, akacheka, akaandika katika daftari lake neno moja: "sikuitazama." Ningeweza kumwambia tangu mwanzo atazame wapi na apige lini, na fungu lake siku hiyo lingekuwa dogo zaidi, lakini macho yangelikuwa yangu, na juma lililofuata, mimi nisipokuwapo, asingelikuwa na macho.

Hapa nafika kwenye mpaka wa ukarimu, ambao watu wengi hawaufahamu. Mzee wangu alinipa mengi: alinionyesha kalibu zake, akaniazima chombo cha kupimia, akanipa hata kopo la baruti kwa kuwa madukani ilikuwa imeadimika. Lakini nilipomwuliza kipimo chake cha baruti, akanipa kitabu cha mtengenezaji na kunionyesha mahali pa kuanzia, chini kabisa, akakataa kunitajia namba yake. Sikuona ubahili. Kipimo kilicho salama katika chumba cha bunduki moja chaweza kuwa hatari katika nyingine, kwa kuwa vyumba havilingani, shingo hazilingani na mitutu hailingani. Na ganda la PPC hufanya kazi katika shinikizo kubwa, pasipo nafasi ya kubahatisha. Anayejaza risasi huanzia chini, hupanda kwa kiasi kidogo, na kila hatua huyatazama maganda yake: fataki iliyosagika ikawa bapa, au bolti inayokataa kuinuka kwa wepesi, ni onyo la kurudi nyuma, wala halina mjadala. Na mezani huwa na kopo moja tu la baruti, lenye jina lake juu yake. La pili hubaki sandukuni mpaka la kwanza limefungwa na kuondolewa. Hizi ndizo sheria ambazo sizilegezi kwa mwanafunzi yeyote, awe mkubwa wa umri au wa cheo, na aliyeona zinamchosha nimemwambia kwa upole atafute mchezo mwingine.

Kwa hiyo nimetofautisha siku zote baina ya kuficha ujuzi na kuzuia hesabu. Yule fundi wa karakana ya pwani alificha njia na akatupa kazi iliyokwisha. Mzee wa Ohio alifunua njia yote na akazuia mwisho wake, ili nifike kwa miguu yangu. Matokeo yalipishana kadiri hiyo. Namba niliyopewa na mtu ningeitumia mpaka mtutu ulipochakaa, na mitutu ya mchezo huu huchakaa upesi; njia niliyofunzwa nimeitumia kwa kila mtutu uliofuata.

Je, mwalimu hapati hasara? Walinishinda wanafunzi wangu, nao wamenishinda mbele ya watu, tena kwa risasi zilizojazwa juu ya meza yangu. Lakini katika mchezo huu mshindani hamgusi mwenzake, hamzuii njia wala hampunguzii alama. Kinachomwangusha mtu ni upepo aliousoma vibaya na ganda alilolitengeneza kwa haraka, na vitu hivyo havipungui ukali kwa kuwa jirani yake ni mjinga. Kumficha jirani hakunipi hata sehemu moja ya elfu ya inchi. Jirani anapokuwa hodari, mimi nalazimika kuamka mapema, na mafungu yangu ya uzeeni yamekuwa madogo kuliko ya ujana kwa sababu ya vijana niliowafundisha mwenyewe.

Najua kwamba si kila kazi ni mchezo, na kwamba fundi mwenye watoto wa kulisha ana haki ya kuuhofia mshahara wake. Aliye na karakana na ampe mwalimu wa kazi ujira wa kufundisha, ili asilazimike kuchagua baina ya mwanafunzi na mkate wake. Lakini wewe fundi unayesoma haya, uwe wa chuma, wa mbao, wa mashua au wa nguo, ukiwa na kijana anayekutazama kazini usimtume ghalani. Mpe kigoda, mweleze sababu kabla ya kumpa hesabu, mwachie chombo mkononi ungali hai wa kumsahihisha, na akikushinda siku moja, mpongeze mbele ya watu.